Goti Lililokuja Zahanati Bila Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dawa hata moja. Ilikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Nilifika hospitali ya serikali mjini Kisii nikiwa na kaptura mpya ya kaki, cheti cha shule ya misheni mfukoni, na kichwa kilichojaa majina ya dawa niliyoyakariri kwa pupa njiani. Nilidhani nitapewa sindano siku ile ile. Hedi Dresa, yaani mkubwa wa madresa wote, alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama nimekula, kisha akanipeleka barazani kwenye benchi ndefu walikoketi wagonjwa.

"Leo utagusa magoti," akasema.

Ninyi vijana wa leo hamkumjua dresa, kwa hiyo niwaeleze. Dresa hakuwa daktari wala hakuwa muuguzi wa cheti. Alikuwa mtu wa kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kupima homa na kutoa dawa aliyoagizwa. Lakini akipelekwa zahanati ya mlimani peke yake, dresa huyo huyo ndiye aliyekuwa daktari mpaka daktari mwenyewe afike, na mvua ikinyesha vizuri, daktari hafiki. Ndiyo maana wakubwa wetu walitufundisha kwa ukali. Walijua watatuacha peke yetu.

Hedi Dresa wetu alikuwa Bwana Idi, Mwislamu wa pale mjini. Baba yake alikuja na watu wa pwani, mama yake alikuwa mtu wa hapa hapa. Kiswahili chake kilikuwa laini kama samli, na chetu sisi wa vijijini kilimtia kichefuchefu. Nikisema "goti yangu" alinifumbia macho kwa uchungu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Lakini nikimkumbuka leo nasema wazi kwamba sijapata kuona mtu aliyependa kazi yake kuliko yeye.

Nikaanza kugusa magoti ya watu wa benchi kwa kiganja, kama ambavyo ningegusa ndizi kuona kama zimeiva. Bwana Idi akanishika mkono.

"Si hivyo, bwana mdogo. Kiganja chako kimeshika jembe tangu utotoni, hakisikii kitu. Kigeuze. Mgongo wa kiganja ndio wenye masikio. Na usianze na goti bovu. Anza na zima, halafu nenda kwa bovu. La sivyo utajuaje kama hili lina moto au ni jua tu la barazani?"

Basi asubuhi nzima niligeuza kiganja, zima kwanza, bovu baadaye. Kabla ya saa sita nilikuwa najua jambo ambalo limenisaidia maisha yangu yote, kwamba kuna goti baridi na kuna goti la moto. Goti baridi ni la uzee, au la mzigo, au la kuteguka. Linauma, ndiyo, lakini lina subira. Goti la moto ni jingine kabisa. Hilo limevimba, linang'aa, mwenyewe halikunji wala halinyooshi, na ndani ya kiungo mna usaha unaokula mfupa. "Goti la moto halingoji kesho," Bwana Idi alikuwa akisema, na alisema kwa sauti ya mtu anayetoa amri.

Alinifundisha pia kuuliza kabla ya kugusa. Katika nchi yetu ya vilima swali la kwanza lilikuwa: linauma ukipanda au ukishuka? Anayeumia akipanda mara nyingi amechoka tu. Anayeumia akishuka, pia ya goti imeanza kulalamika. Mtu wa Kisii unaweza kumuuliza umri wake akakudanganya, lakini ukimuuliza juu ya mteremko wa kwao atakueleza jiwe kwa jiwe.

Baada ya muda nikapelekwa zahanati ya Keumbu, pale barabarani, na huko nikaanza kuwajua watu na magoti yao. Mnafikiri maumivu ni maumivu tu. Sivyo. Kila mtu hulipokea goti lake kwa namna yake. Mchuuzi aliyebeba ndizi mpaka Keroka alikuja siku ile ile goti lilipoanza, maana goti ndilo lililokuwa duka lake. Mkatoliki alilijua kanisani akipiga magoti, akaja akiona haya, kana kwamba anamsingizia Mungu. Wanawake walilijua kwenye jiwe la kusagia wimbi, kwa sababu mwanamke husaga akiwa amepiga magoti. Na wote, kabla ya kuja kwetu, walikuwa wamekwisha jaribu majani ya moto ya bibi, siagi ya kuchua, na chale za mganga wa miti shamba. Sikuwadharau. Yule mganga wa miti shamba wa Keumbu alijua kuchua goti lililoteguka vizuri kuliko mimi, na mara nyingine nilimpelekea wagonjwa, naye akiona goti la moto alinirudishia.

Mzee mmoja wa Keumbu alinichekesha sana. Goti lake liliuma kila mvua ilipokaribia. Nilimpa mafuta ya kuchua na vidonge vya aspirini. Akapona. Akarudi amekasirika.

"Dresa, umeniharibia. Majirani wote walikuwa wananiuliza lini wapande wimbi. Sasa wananiuliza nini? Nirudishie goti langu."

Nilimwambia dawa haina kurudisha. Akaondoka akinung'unika, na msimu uliofuata, namshukuru Mungu, goti likaanza tena naye akapata heshima yake.

Baada ya vita vya Hitla nikahamishiwa zahanati ya Manga, juu kabisa mlimani. Huko nilikutana na shida ambayo Bwana Idi hakunifundisha, kwa sababu mjini haikuwa kali hivyo. Kwetu sisi Abagusii kuna chinsoni, nayo ni haya iliyowekwa kati ya wazazi na watoto wao waliokomaa. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mkamwana hawagusani, hawaketi pamoja, hawatajiani viungo vya mwili. Na haya hiyo haiishi kwa baba mzazi tu, inawafikia wote walio rika lake katika ukoo. Kwa hiyo mwanamke akifika zahanati, swali langu la kwanza halikuwa la mteremko tena. Niliuliza kwanza ametoka ukoo gani na ameolewa wapi, ili nijue kama mimi ni mtu anayeruhusiwa kuona goti lake.

Ikiwa siruhusiwi, tulitafuta njia. Nilitundika shuka katikati ya chumba, mgonjwa upande ule, mimi upande huu, na mwanamke mwenzake akawa mikono yangu. "Mgongo wa kiganja, mama. Anza na zima. Haya, sasa bovu. Lipi lina moto?" Na nawaambieni, wanawake wa Manga walijifunza upesi kuliko madresa wengine niliowahi kufanya nao kazi. Nilitibu magoti mengi kwa mikono ya watu wengine, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa nifike kwa Mzee Nyakundi.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye kilimo kizuri cha wimbi na migomba, asiyependa maneno mengi. Asubuhi moja alifika zahanati, akakataa kuingia. Alisimama mlangoni akitazama nje.

"Dresa, kuna goti nyumbani kwangu."

"Goti la nani, Mzee?"

"Goti tu."

Nilielewa. Ningelazimisha, angeondoka. Basi nikaanza kuuliza kwa njia ya kuzunguka.

"Goti hilo linasaga wimbi?"

"Linasaga. Lilikuwa linasaga."

"Lina mtoto mgongoni?"

"Linalo. Bado ananyonya."

Nikajua ni mkamwana wake, Kemunto, mke wa mwanawe wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai huko Kericho.

"Linatembea?"

"Halitembei tangu juzi."

"Lina moto?"

Nikaona mkono wake umeshika nguzo ya mlango kwa nguvu.

"Mimi nitajuaje kama lina moto?" akasema. "Lakini jana alilia mchana kutwa, na yeye si mtu wa kulia."

Kisha akanieleza jambo lililokuwa limemkaa kifuani. Siku kadhaa kabla, Kemunto alikuwa shambani akipalilia, mtoto amelala ndani. Mvua ya mawe ikapiga ghafla. Mzee akasikia mtoto akilia, akaona moshi mweusi ukitoka mlangoni, maana upepo ulikuwa umetupa makaa ya jikoni kwenye nyasi za kitandani. Hakufikiri mara mbili. Akaingia nyumba ya mwanawe, akambeba mtoto nje, akakanyaga moto ukazimika. Mtoto hakupata hata lengelenge. Lakini Nyakundi alikuwa amevuka kizingiti ambacho baba havuki, na siku chache baadaye goti la mkamwana likavimba. Omoragori, mpiga ramli, akaulizwa, naye akasema bila kusita: ni kizingiti. Lazima mbuzi achinjwe kutakasa nyumba, na lazima mwenye nyumba awepo, kwa hiyo wangoje kijana arudi kutoka Kericho.

"Sasa nangoja," mzee akasema. "Na nikiwa nangoja, nasikia analia. Mimi ndiye niliyemfanyia."

Nilichukua mfuko wangu wa dawa, nikaenda naye. Kemunto alikuwa amelazwa kwenye ngozi katika nyumba ya mama mkwe wake, Moraa, mke wa mzee. Moraa alikuwa mwanamke wa maneno makali na mikono mepesi. Mzee alibaki mbali kwenye migomba. Mimi nilikuwa wa ukoo mwingine na rika la mumewe Kemunto, hivyo niliruhusiwa kuona, lakini binti alivuta blanketi mpaka kidevuni akageuza uso. Nikamwambia Moraa awe mikono yangu. Akageuza kiganja, akagusa zima. Akagusa bovu. Akaurudisha mkono upesi.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki ni chungu kilicho jikoni."

Nikamuuliza Kemunto lilianza lini. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba wakati wa palizi alipiga goti juu ya kisiki kikavu cha wimbi, kikachoma kando ya pia ya goti. Kidonda kilikuwa kidogo, akakitia mate akaendelea.

"Lilipoanza kuuma nilidhani ni kuchoka. Halafu niliogopa kusema."

"Uliogopa nini?"

Akamtazama Moraa. Moraa ndiye aliyejibu, na alijibu kwa uso wa mtu aliyepigwa.

"Aliniogopa mimi. Kwetu mke mpya akisema goti, tunasema anakwepa jiwe la kusagia. Nami niliolewa hivyo hivyo. Nilisaga na goti bovu mwaka mzima."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema Waswahili, lakini mara ngapi tunamfundisha mtu kuyaficha sisi wenyewe? Homa ya Kemunto ilikuwa imepanda sana. Vidonge vyangu vya zahanati havingeweza kuingia ndani ya kiungo kile. Alihitaji kufika Kisii siku hiyo hiyo, la sivyo angepoteza mguu, na baada ya mguu angepoteza uhai. Nikawaambia hivyo bila kupaka mafuta.

Tulitengeneza machela ya blanketi na miti miwili. Ila watu wa kuibeba hawakupatikana. Vijana wengi wa ukoo ule walikuwa Kericho. Wawili waliobaki walikuja, wakasikia habari za kizingiti, wakasimama mbali. Hawakuwa wabaya. Waliogopa kwamba nyumba ambayo haijatakaswa itawafuata makwao. Nikaangalia huku na huku. Tulikuwa mimi na Moraa upande wa nyuma, maana yeye peke yake asingeuweza. Mbele hapakuwa na mtu.

Moraa akatoka nje, akasimama akiitazama migomba.

"Wewe uliyeingia kwa ajili ya mtoto," akapaza sauti, "mama yake naye atabebwa na nani?"

Kisha Mzee Nyakundi akasema, bado yuko nyuma ya migomba:

"Mfunikeni. Mfunikeni kabisa, kila mahali. Mwelekezeni miguu mbele, kichwa kwenu. Mkiwa tayari mniambie, nitakuja kinyumenyume."

Moraa akamfunga mtoto mgongoni, tukamfunika Kemunto mpaka akabaki uso tu, na uso wake ulikuwa kwetu. Mzee akaja kinyumenyume kutoka kwenye migomba, polepole, akipapasa kwa kisigino, mpaka akagusa ncha za miti. Akainama, akashika, akainuka. Tangu pale mpaka barabarani, hakugeuza shingo hata mara moja.

Mnaijua njia ya kushuka kutoka Manga? Baada ya mvua inakuwa utelezi mtupu, na kwa mwenye goti bovu kila mtikisiko ni kisu. Mzee hakuweza kumwambia mkamwana wake "jishike" wala "vumilia". Basi akaanza kuiambia njia.

"Ee njia, hapa una shimo. Ee njia, sasa unateremka sana, jiwe liko kushoto."

Na Kemunto, akiwa amesikia, alikaza mwili kabla ya mtikisiko kufika. Baadaye akasema kwa sauti ya homa: "Mama, mwambie anayesema na njia kwamba njia inamsikia." Moraa alikuwa analia na kubeba kwa wakati mmoja. Nami nilikuwa nalia, sitaficha. Nimefanya kazi na mabwana wakubwa wenye nyota mabegani, lakini sijapata kuona adabu na huruma zikibeba mti mmoja kama siku ile.

Barabarani tulisimamisha lori la mchuuzi Mwislamu wa mjini aliyekuwa akirudi na magunia ya wimbi. Alituangalia mara moja, akaamuru magunia yasogezwe. Mzee alipanda mbele kwa dereva, bila kugeuka.

Hospitalini tulipokelewa na Bwana Idi mwenyewe. Mvi zilikuwa zimemjaa lakini mgongo wa kiganja chake ulikuwa ule ule. Aligusa zima, akagusa bovu, akaita Daktari wa Wilaya bila kusubiri foleni. Huyo alikuwa Mzungu mkali wa kutisha. Nilipata kumwona akitupa bakuli la vyombo dirishani kwa sababu halikuchemshwa vizuri. Alichoma sindano ndefu ndani ya goti, na usaha ukajaa sirinji. Akaagiza mguu ufungwe magango usitikisike, na Kemunto aanze penisilini, dawa iliyokuwa imetufikia karibuni tu, tukiihifadhi kama dhahabu katika jokofu la mafuta ya taa. Kisha akaniita.

"Dresa, sikia. Leo mimi natoa usaha, napiga sindano. Kesho asubuhi kama moto bado napanda, mimi nakata mguu. Kama nachelewa, huyu mama nakufa. Nataka ruhusa ya mwenyewe. Nani mkubwa yake hapa?"

Nikamwonyesha Mzee Nyakundi. Alikuwa ameketi chini barazani, uso ukutani, mgongo kwa wodi.

"Huyu mzee iko na taabu gani? Mbona naonyesha sisi mgongo?"

Bwana Idi akamweleza kwa utaratibu, chinsoni ni nini, na jinsi mzee alivyobeba machela toka mlimani bila kugeuka. Daktari alisikiliza. Nilingoja apige kelele. Badala yake akaenda ndani, akarudi na kiti, akakiweka nyuma ya mzee, akaketi, mgongo kwa mgongo. Wakaongea hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, mimi nikitafsiri katikati.

Mzee alisikiliza habari ya kukatwa mguu mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwambie daktari, mguu si wangu, wala sina macho ya kuuona. Mwenyewe yuko ndani na akili zake anazo. Amuulize yeye. Lolote atakalosema, mwanangu akirudi kutoka Kericho nitamwambia nilikuwepo, nilikubali, na akitaka kukasirika anikasirikie mimi."

Siku zile hakuna aliyemuuliza mwanamke kuhusu mwili wake ikiwa mwanamume wa boma yupo. Daktari aliinuka, akaingia wodini, akauliza. Kemunto alijibu akiwa na mtoto kifuani.

"Asubuhi aniguse kwanza. Kama moto umezidi, akate. Mtoto hanyonyi mguu."

Zamu za sindano zilipita. Asubuhi tulikusanyika. Moraa alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Daktari alisoma kipima joto. Akamtazama Bwana Idi, na nikaona kwa mara ya kwanza Mzungu yule akigeuza kiganja kama sisi. Akagusa zima. Akagusa bovu. Akakaa nalo kidogo.

"Moto nateremka," akasema. "Mama, hii mguu bado yako."

Moraa alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia sokoni. Mimi nilitoka mbio kwenda barazani. Mzee Nyakundi alikuwa amekisikia kile kigelegele lakini hakuthubutu kukiamini. Nilipomwambia, aliweka paji la uso ukutani, mabega yakatikisika kwa muda mrefu.

Goti lile halikukunjika vizuri tena. Kemunto alijifunza kusaga akiwa ameketi, mguu umenyooka kando ya jiwe, na majirani waliocheka walijibiwa na Moraa kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Moraa huyo huyo akawa msaidizi wangu mkubwa. Mke yeyote mpya wa kilima kile akisema goti, Moraa aligusa kabla ya kuhukumu.

Kijana aliporudi kutoka Kericho, mbuzi alichinjwa na nyumba ikatakaswa. Nilialikwa, nikala nyama. Kwa kuwa nilikuwa bado kijana na mjuaji, nikamuuliza Mzee Nyakundi kwa nini wanachinja mbuzi, na yeye mwenyewe alisikia kwamba kilikuwa kisiki cha wimbi. Hakukasirika. Aliendelea kukata nyama.

"Dresa, kisiki kiliingia. Na mimi niliingia. Ulikitoa cha kwako na sindano. Niache na mimi nitoe cha kwangu."

Nilistaafu miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea ukingoni. Bwana Idi alikuwa amekwisha fariki, na tulimzika mjini kwa heshima zote, Waislamu na Wakristo. Kazi imebadilika. Sasa wana mashine za picha zinazoona mfupa ndani ya nyama. Sizilaumu, laiti tungekuwa nazo. Lakini watu bado wanakuja nyumbani kwangu asubuhi, wanaketi kwenye jiwe la uani, wananipa goti niliguse, nami nafurahi kuombwa.

Mwaka uliopita mke wa mwanangu aliamka hawezi kukanyaga. Mwanangu alikuwa safarini. Nilisikia habari hiyo kutoka kwa mke wangu, nikainuka na mkono wangu ukageuka wenyewe, nikapiga hatua kuelekea kwao. Kisha nikasimama. Mlango ule ulikuwa wa mwanangu. Mikono hii imegusa magoti kutoka Keumbu mpaka Manga, na lile moja lililokuwa na uzito kuliko yote kwangu, sikuwa na ruhusa ya kulisogelea. Nilikaa chini uani, nikageuzia nyumba mgongo. Nilisikia mke wangu akiingia. Nilitaka kumwambia aanze na zima, lakini mkamwana angenisikia. Sijui nilikaa muda gani.

Mke wangu akatoka, akasimama nyuma yangu, akaweka mgongo wa kiganja chake shavuni mwangu.

"Ni baridi hivi," akasema. "Ni kuteguka tu. Acha kulia, mzee wewe."